Mheshimiwa Bado Anaangalia

Haya nayasema kwa nia njema, na anayetafuta nia nyingine aitafute kwake. Mimi ni mpiga mbiu wa mtaa. Kazi yangu ni kutangaza yaliyoamuliwa, si kuyaamua, na sina ugomvi na mtu.

Nchi yetu ni mwili wa mtu mmoja, na raia wake ni sisi seli. Huyo mtu hatujawahi kumwona maana tumo ndani yake, ila tunamheshimu na tunamwita Mwenyewe. Akila tunakula, akilewa tunalewa, akitumbukia mtaroni tunasikia kishindo, kisha serikali inatuambia kuwa hayo ni maendeleo. Mimi nakaa Wilaya ya Ini, mtaa wa chini, karibu na mto mkubwa wa damu. Watu wa Wilaya ya Ngozi hutuona washamba kwa kuwa hatujui jua, lakini sumu yote anayokunywa Mwenyewe tunaichuja sisi, na hata asante hatujawahi kuletewa.

Kwetu hakuna anayezaliwa peke yake. Mama hujigawa katikati, wakapatikana wawili, na mama mwenyewe hayupo tena kwa sababu yumo ndani ya wote wawili. Kwa hiyo nchi nzima ni ya Kulwa na Doto. Mimi ni Doto. Kulwa wangu ni dada, jina lake la kazi Bi Shufaa, Mkaguzi wa Nyufa wa wilaya. Tuligawana kila kitu nusu kwa nusu isipokuwa ukaidi. Huo aliuchukua wote yeye.

Sasa nieleze mila zetu, maana mgeni hawezi kuelewa yaliyotokea asipozijua. Katika chumba cha ndani cha kila nyumba kuna uzi mrefu uliosokotwa kwa nyuzi mbili, na humo zimo amri zote: ukuta uwe mnene kiasi gani, mlango afunguliwe nani, lini ujigawe na lini utulie. Uzi huo hukatika kila siku. Hukatika kwa gongo ya Mwenyewe, kwa moshi wa sigara zake, kwa karanga zilizoota ukungu anazozipenda kwa kuwa ni rahisi, na mara nyingine hukatika tu kwa kuwa vitu hukatika. Si neno. Mafundi huja, hukata kipande kilichooza, hutazama uzi wa pili unasemaje, hushona kama ilivyokuwa, huondoka. Hata chai hawasubiri.

Tulikuwa pia na mfungo. Mwenyewe akikosa chakula, kila nyumba ilivunja vyombo vyake vibovu, mitungi iliyotoboka na mashine zinazotoa moshi mweusi, ikavipika na kuvila. Usicheke. Baada ya mfungo nyumba zilikuwa safi, hewa inaingia, na mtu alikuwa anajisikia kama amezaliwa jana.

Lakini ziko nyumba zisizotengenezeka, na hapo ndipo ilipokuwepo kazi ya dada yangu. Bi Shufaa hubisha hodi, huingia mpaka chumba cha ndani, husimama mbele ya uzi pamoja na mwenye nyumba, na kumwuliza neno moja tu: "Unaona?" Mwenye nyumba huutazama uzi wake, na kama umeharibika hujibu, "Naona." Basi, imekwisha. Kama kuna cha kushonwa huitwa mafundi. Kama hakuna, huzima moto wake, hujikunja, hujifunga vifurushi vidogo vidogo visivyovuja hata tone, na majirani huvichukua kwa adabu wakajengee kwao. Hiyo tunaiita kuaga. Hatuna mahakama ya jambo hili wala jela, kwa kuwa tangu nchi iwe nchi haijapata kutokea mtu akaona, kisha akasema haoni. Wazee hawakuweka adhabu ya uongo wa namna hiyo. Walidhani aibu inatosha.

*

Mwenyekiti wa mtaa wetu ni Mheshimiwa Mwinchumu. Ni mtu mkubwa, kwa maana zote, na ni mpenzi wa karanga. Meli ya karanga zenye ukungu ilipofika bandarini kwetu, sisi wengine tulizichuja huku tumeziba pua. Yeye alizila.

Muda si mrefu dada yangu akabisha hodi kwake. Nilikuwepo, maana mkaguzi akienda kwa kiongozi sharti aongozwe na mbiu. Tuliingia chumba cha ndani. Jamani, ule uzi ulikuwa umefumuka kama mkeka uliokaliwa misiba yote ya mtaa. Na pale palipofumuka zaidi ndipo palipoandikwa amri ya kutulia, ile inayomwambia mtu ametosha, asiendelee kujigawa. Hata mimi nisiyejua ukaguzi niliona.

"Mheshimiwa," dada yangu aliuliza, "unaona?"

Mheshimiwa alitazama. Akafuta macho, akatazama tena. Akaagiza kiti, akakaa, akaweka mguu juu ya mguu.

"Bado naangalia," akasema.

Hapakuwa na mtu aliyejua la kufanya. Mila inasema mkaguzi asubiri jibu. Jibu la "naona" linajulikana, na jibu la "sioni" lingekuwa uongo, kila mtu angelishangaa, labda paa lingeanguka. Lakini hili la bado halikuwahi kusikika. Hajakataa, hajakubali, anaangalia. Dada yangu alisimama mpaka miguu ikamwisha, akauliza tena, naye Mheshimiwa akamwambia kwa upole mkubwa kuwa jambo lenye uzito wa taifa haliangaliwi kwa pupa, na kwamba haraka haraka haina baraka. Niliona hekima katika maneno hayo. Nikayatangaza mtaa mzima.

Swali lilipelekwa Kichwani, makao makuu ya serikali, na Kichwani wakajibu kwa kirefu. Walisema kwamba kwa kuwa raia husika hajakanusha, hajavunja mila; na kwa kuwa hajakiri, hawezi kuaga; na kwa kuwa kuangalia ni haki ya kila raia, basi asaidiwe kuangalia. Ikaundwa Kamati ya Kumsaidia Mheshimiwa Kuangalia. Wajumbe waliletwa kutoka Wilaya ya Kitambi, watu watulivu sana ambao hawajawahi kuonekana wakifanya jambo lolote, na kwa sababu hiyo hawana doa. Walikaa kwa Mheshimiwa wakila na kunywa. Ripoti yao ya kwanza ilisema uzi upo. Ilipokelewa kwa makofi.

Huku nyuma, Mheshimiwa alikuwa anajigawa. Leo wawili, kesho wanne, na wote sura moja, tumbo moja, na chumbani kwao uzi ule ule uliofumuka. Dada yangu alikwenda kwa kila mmoja kama kazi inavyomtaka. Wale watoto hata kutambaa hawajui, akiwauliza kama wanaona, wanajibu kwa pamoja kwamba bado wanaangalia. Mimi nilisifu malezi yale.

*

Ilipofika hapo mtaa ukaanza kubanana, na Mheshimiwa akaitisha mkutano wa hadhara. Alihutubia akiwa amesimama sehemu nyingi kwa wakati mmoja.

"Ndugu wananchi," alisema, "nchi yenye shibe haifungi. Mfungo ni aibu ya enzi za dhiki. Mwananchi kuvunja kiti chake mwenyewe akakila ni ushenzi, na kuanzia leo ni kosa. Weka kiti kibovu, nunua kiti kipya, kaa juu ya vyote viwili."

Tulishangilia. Mzee mmoja wa pembeni akanong'ona kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Alichukuliwa kwa heshima, akaelezwa kuwa methali hiyo imepitwa na wakati na ina lugha ya uchochezi, na kwamba ufa ni dirisha la maendeleo. Tangu hapo methali hiyo haisemwi katika Wilaya ya Ini. Mimi mwenyewe ndiye niliyetangaza kufutwa kwake, na hapa naitaja kwa ajili ya kumbukumbu tu.

Baada ya hapo Mheshimiwa akatoboa mto mkubwa na kujivutia mabomba yake binafsi ya damu. Sisi tuliokuwa tukipata kikombe tukawa tunapata tone. Nilipouliza, kwa unyenyekevu, niliambiwa kwamba maji hufuata mkondo. Nyumba zetu zikajaa mitungi iliyotoboka ambayo ni marufuku kuila, moshi mweusi ukatanda mpaka nikawa natangazia watu nisiowaona. Nyumba kadhaa za jirani zikazimika zenyewe, bila kuaga, bila vifurushi, zikavuja hovyo mtaani na kuunguza zilizo karibu. Serikali ilisema ni hali ya hewa.

Tulikuwa bado na tumaini moja, nalo ni askari weupe. Hao hutembea mtoni kutwa wakilinda nchi dhidi ya wageni wabaya na wenyeji waliogeuka. Ukaguzi wao ni rahisi: kila nyumba hutoa mkono dirishani, askari anaushika, na akihisi ni mkono wa mtoto wa nyumbani anapita. Akihisi vingine, hakuna maneno, nyumba inabomolewa. Walipofika kwa Mheshimiwa nilisimama mbali, sitaki kusema nilitarajia nini. Mheshimiwa alitoa mikono mingi, laini, yenye joto, akawapapasa viganja taratibu, akawauliza habari za safari. Askari wakapiga miayo. Mmoja alilala pale pale ukutani, wengine wakapita wakisema nyumba ile ina ukarimu wa pekee. Baadaye wakawekewa kambi ya kudumu mbele ya mlango wake, nao wakawa wanamlinda yeye.

*

Dada yangu alikuja kwangu baada ya hayo. Alikuwa amechoka, vumbi la nyumba zilizozimika limemjaa mpaka kwenye kope. Sisi mapacha hatusalimiani sana, mmoja akiwa na njaa mwenzake anajua. Alikaa chini, akaniomba mbiu.

Nikamwuliza ya nini. Akanieleza kwamba kule mashariki ya wilaya kuna askari ambao bado hawajashikwa viganja na Mheshimiwa. Kama mbiu ikipigwa kwa mlio wa hatari watakuja mbio, na wakija kwa wingi, na wakiwa wamekasirika, hawatatoa nafasi ya kupapaswa. Lakini ngoja ngoja kidogo tu, watoto wa Mheshimiwa watakuwa wametoka kwa njia ya mto, na huko waendako hakuna anayewajua.

Nilimwambia mbiu ni mali ya serikali. Nilimwambia mlio wa hatari hupigwa kwa kibali, na kibali kinatoka kwa mwenyekiti wa mtaa, na mwenyekiti wa mtaa ni Mheshimiwa. Nilimweleza vizuri kabisa, hatua kwa hatua, kama mtu anayempenda nduguye.

"Doto," aliniambia, "huyu akiachwa hatufi sisi wa mtaa huu peke yetu. Anakufa Mwenyewe. Na Mwenyewe akifa, hakuna Ini wala Kichwa wala huyo Mheshimiwa wako. Yeye mwenyewe hajui hilo. Anadhani atabaki."

"Serikali haijasema hivyo."

"Mimi ndiye ninayetakiwa kuisemea serikali. Nipe hiyo mbiu."

Sikumpa. Nilimpa tone langu la siku ile, naye akaligawa akanirudishia nusu. Akaondoka kwenda kubisha hodi tena kwa Mheshimiwa. Alikuwa haruki siku, na kila akirudi watu walifunga madirisha asije akasimama kuongea nao.

*

Kamati ikatoa ripoti ya mwisho. Walikuwa wameangalia kwa pamoja na Mheshimiwa, wakagundua kwamba tatizo la wilaya si uzi, tatizo ni kuulizwa ulizwa. Watu walikuwa wanaishi vizuri mpaka alipokuja mtu kuwauliza kama wanaona. Na je, huyo mkaguzi, uzi wake uliwahi kukaguliwa na nani? Swali hilo liliungwa mkono na watoto wote wa Mheshimiwa, ambao kwa wakati huo ndio waliokuwa wananchi.

Basi nikaagizwa nipige mbiu, nikapiga, mtaa ukakusanyika nyumbani kwa dada yangu. Nyumba yake ilikuwa safi. Alikuwa anafunga kwa siri, kila mtu alijua. Mwenyekiti wa Kamati, Bwana Nyangusi, mtu mnene mwenye sauti ya usingizi, aliingia chumba cha ndani akashika uzi wa dada yangu, akauvuta huku na huku kama anayechagua kitambaa dukani. Akapata alichokitafuta. Palikuwa na mkwaruzo mmoja, wa moshi ule ule uliotupata sote. Kitu kidogo. Fundi angekuja, angekata, angeshona, na jioni watu wangekuwa wameshasahau.

"Bi Shufaa," akasema Bwana Nyangusi, "unaona?"

Nilikuwa nimesimama karibu yake kwa sababu ya mbiu. Nikamnong'oneza aseme bado anaangalia. Nilimwambia ni maneno mawili tu, dada yangu, na tayari ni sheria, nimeyatangaza mwenyewe, hakuna atakayekulaumu. Watu wote wanaangalia. Angalia na wewe.

Akanigeukia. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonisumbua baadaye.

"Doto, mkwaruzo upo," alisema. "Nikisema bado naangalia, nimekuwa yeye."

Akamgeukia Bwana Nyangusi, akasema kwa sauti ya kazini, "Naona. Ni wa kushonwa. Niitieni mafundi."

Bwana Nyangusi alisikitika sana. Alieleza kwamba mafundi wote wa wilaya wako kwa Mheshimiwa, wanapaka rangi upande wa mbele, na hawataweza kutoka hivi karibuni. Na mila, alisema, ni mila: raia ameona, kakiri kwa kinywa chake mbele ya mashahidi, na hakuna wa kumshonea. Akauliza kama yupo mwenye kupinga mila za wazee wetu. Hakuwepo. Watoto wa Mheshimiwa waliimba wimbo wa kusifu ukweli na uwajibikaji.

Dada yangu alizima moto wake mwenyewe. Alijikunja taratibu, kona kwa kona, akajifunga vifurushi, na hata pale hakuvujisha tone. Nimeona wengi wakiaga, sijaona kazi safi kama ile. Kwa mila, pacha ndiye wa kwanza kuchukua kifurushi. Lakini watu wa Mheshimiwa walikuwa mbele yangu, wakavibeba vyote, wakasema vitatumika kujengea Ukumbi wa Kuangalia. Iliniuma. Sifichi, iliniuma mpaka nikashindwa kushika mbiu. Sisi wa huku tukisema jambo limetukata maini hatusemi kwa mfano.

Hata hivyo niliposukumwa begani nilipiga mbiu ya kufunga mkutano. Ndiyo kazi.

*

Nimalizie kwa habari njema. Nimepandishwa cheo. Wilaya haiwezi kukaa bila Mkaguzi wa Nyufa, Kichwani wasingependa, kwa hiyo Mheshimiwa kwa ukarimu wake aliniteua mimi, kwa kuwa nina damu ya kazi hiyo. Nilikwenda kwake kushukuru. Nilibisha hodi, nikasimama mbele ya uzi, siyo uzi tena kwa kweli, ni matambara, nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba kutoka vyumba vyote. Nikamwuliza kama kuna chochote anachohitaji. Akasema anahitaji nafasi.

Watoto wake wamesafiri. Waliondoka kwa mto kwa makundi, na tumesikia wamefika Wilaya ya Mapafu na kupokewa kwa ngoma. Wengine wamefika Mifupani na kuanzisha majengo. Mwenyewe siku hizi hali. Chakula kikija kinarudi juu, na usiku tunamsikia akiguna, na mtu fulani huko nje akimkandakanda tumbo hapa juu yetu kwa kitambaa cha moto. Joto lake linatufikia. Ni joto zuri, la mkono wa mtu anayeogopa. Serikali imetutaka tulichukulie kama salamu za pongezi.

Jana ukuta wangu wa upande wa kwa Mheshimiwa ulipasuka. Si mkwaruzo, ni ufa, mkono unapita. Nikaona niende nikatoe taarifa kunakohusika. Nilipita katikati ya moshi nikipapasa kuta, nikafika ofisi ya Mkaguzi wa Nyufa, nikabisha hodi kwa adabu. Hakuna aliyejibu. Nikasubiri kidogo, nikasukuma mlango. Kiti kilikuwa kitupu.

Nilikuwa nimeshaanza kukasirika, kwamba wananchi tunateseka na mkaguzi hayupo kazini, ndipo nikakumbuka kuwa ni mimi.

Nimekaa. Sijui niulize nani kama anaona. Ukuta wa nyuma unasukumwa kutoka upande wa pili, taratibu, bila haraka, na kiti kimeanza kusogea kuelekea mlangoni.